Mwalimu, serikali ina haki ya kuwalazimisha wengine maadili yake?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasomea sheria. Kwenye mdahalo wetu mwenzangu alishikilia kuwa kila jamii iachwe na mila zake, na serikali ya nje ikiingilia ni ukoloni tu. Mimi nikasema ukatili ni ukatili popote, na mwenye nguvu ana wajibu wa kuukomesha, hata kwa kukata misaada. Nani yuko sahihi? (Jina limehifadhiwa)

JIBU: Marahaba mwanangu. Nimefundisha historia maisha yangu yote ya kazi, na hakuna swali lililozua ubishi mkali darasani kwangu kama hili. Nikwambie mapema: mwenzako amekosea, lakini na dawa yako ni ya hatari.

Mwenzako anaizungumzia jamii kana kwamba wote waliomo wana kauli moja. Mwaka 1829 gavana Mwingereza, William Bentinck, alipiga marufuku huko Bengal desturi ya kumchoma mjane akiwa hai pamoja na maiti ya mumewe. Wapo wenyeji waliokata rufaa hadi London kuitetea mila yao. Lakini Ram Mohan Roy, Mbengali mwenzao, alikuwa akiipinga kwa maandishi ya Kibengali tangu 1818, tena kwa hoja kutoka maandiko ya Wahindu wenyewe. Sasa utamaduni wa Bengal ni upi hapo, wa wale waliokata rufaa au wa Roy? Na mjane aliyepelekwa motoni, yeye si Mbengali? Ukisikia mtu anasema "huu ni utamaduni wetu, tuacheni," tazama kama anayesema ndiye anayeumia. Mara nyingi siye.

Haya, upande wako. Serikali ya Kanada iliamini inawastaarabisha wenyeji wa pwani ya Pasifiki ilipoharamisha potlachi, sherehe yao ya kugawa mali, kupeana majina na kufunga ndoa. Marufuku hiyo ilidumu kuanzia 1885 hadi 1951. Baada ya sherehe kubwa ya Desemba 1921 watu walikamatwa, wakapewa sharti: salimisheni vinyago na vyombo vyenu vya sherehe, la sivyo jela. Waliokataa walifungwa. Vinyago vikapangwa kwenye ukumbi wa kanisa pale Alert Bay, vitu vya ukoo vimeanikwa kama bidhaa za mnada, kisha vikasafirishwa kwenda makumbusho. Kosa lao lilikuwa nini? Kwao mtu alipata heshima kwa kutoa mali, na watawala wakauona huo ni ubadhirifu na ushenzi. Ndiyo maana naogopa serikali inapojipa kazi ya kuwanyoosha wengine: ikishika rungu haitofautishi kinachoumiza watu na kile ambacho haikizoei tu.

Na hata ubaya unapokuwa wazi, amri ya mtawala wa nje inaweza kuupa nguvu. Mwaka 1956, huko Meru, Kenya, baraza la wazee la Njuri Ncheke lilipiga marufuku ukeketaji kwa msukumo wa maofisa wa kikoloni. Wasichana wakaenda vichakani wakakeketana wenyewe kwa nyembe, bila ngariba. Mateso yale yakageuka njia ya kumkaidi Mzungu. Kila nikilisimulia hili linaniuma upya, kwa sababu waliolipia walikuwa watoto.

Linganisha na Senegal. Mwaka 1997 wanawake wa kijiji cha Malicounda Bambara, baada ya masomo ya afya na haki kwa lugha yao, walitangaza hadharani kuacha ukeketaji. Imamu mmoja wa kijiji kingine akaona tatizo: vijiji vinaoana, kimoja kikiacha peke yake mabinti zake watakosa waume. Akatembea kwa miguu kwa ndugu zake, kijiji hadi kijiji, mpaka wakaamua kwa pamoja. Sheria ya nchi ilikuja 1999, na ilikuta njia imeshafunguliwa. Shirika lililowafundisha lilianzishwa na Mmarekani, kwa hiyo mgeni alikuwapo. Ila uamuzi haukuwa wake.

Kuhusu vikwazo, usiviweke kapu moja. Mwaka 1959 Albert Luthuli, rais wa ANC, chama kilichopinga utawala wa ubaguzi wa rangi, aliwaomba Waingereza wenyewe wasusie bidhaa za Afrika Kusini, akijua watu wake nao wangeumia. Walioonewa walikuwa wameshapima gharama, wakaamua. Hiyo ni tofauti kabisa na waziri wa mbali anayefunga bomba la dawa za wagonjwa kwa sababu hakupenda sheria iliyopitishwa na wabunge wasiozihitaji dawa hizo. Wa kwanza namuunga mkono kwa moyo wote. Wa pili anamwadhibu mgonjwa kwa kosa la mbunge, na hapo, mwanangu, ningekuomba uibadilishe hoja yako kabla ya mdahalo ujao.