Kuhusu mkono wa Malkia juu ya tufe

Ndugu yangu wa Lindi, umeuliza kwa nini Malkia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza ameweka mkono juu ya tufe katika ile picha iliyochorwa baada ya meli za kivita za Hispania kushindwa mwaka 1588. Tufe hilo ni dunia, na vidole vyake vimetua juu ya Amerika, ishara kwamba Uingereza nayo ilikuwa na madai katika nchi ambazo Hispania ilijiona kuwa mmiliki wake. Nyuma yake kuna madirisha mawili: katika moja meli zimetulia baharini, na katika la pili meli za Wahispania zinapigwa na dhoruba, huku Malkia akiwa ameipa dhoruba hiyo mgongo. Lulu nyingi alizovaa zinasifu ubikira wake. Kwangu mimi, kinachosema zaidi ni uso: alikuwa na umri wa takriban miaka 55, lakini mchoraji amempa sura ya ujana, kwa sababu mtawala asiye na mrithi hakutakiwa kuonekana akizeeka. Masultani wa Kilwa, huko huko mkoani kwenu, walitangaza mamlaka yao bila sura yoyote, kwa majina yaliyopigwa kwenye sarafu za shaba.