Waya za meno na familia isiyokaa ndani: maswali na majibu

Kliniki ya mtaani kwetu inafunga waya kwa bei nafuu. Nitajuaje kama anayefunga ni bingwa? (Mama, Mbezi)

Muulize alisomea nini baada ya shahada ya kwanza. Udaktari wa meno pale Muhimbili ni miaka 5, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo; ubingwa wa kupanga meno ni masomo mengine juu ya hayo. Usajili wake unaweza kuuulizia Baraza la Madaktari Tanganyika. Bingwa hupiga eksirei, huchukua alama za meno, hupima, ndipo anakueleza mpango na muda, ambao kwa kawaida ni mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Ukiambiwa "kaa hapo tufunge leo leo", mama, ondoka.

Binti yangu amekulia Arusha, meno yana madoa ya kahawia. Waya zitashika?

Zitashika, ila vibati, yaani vipande vidogo vinavyogundishwa kwenye jino ili vishike waya, vinaweza kubanduka mara kwa mara. Madoa hayo yanatokana na floridi nyingi kwenye maji ya kuzunguka Mlima Meru, aliyokunywa wakati meno yanajijenga ndani ya fizi. Kabla ya gundi, jino hupakwa asidi ili uso wake ukwaruzike, na jino la namna hii halikwaruziki kirahisi. Daktari anaweza kuongeza muda wa asidi au kukwangua kidogo. Kung'arisha madoa kusubiri waya zitolewe.

Tunapenda kupiga kambi, na mwanangu ana waya. Nibebe nini?

Nta ya meno, brashi ndogo za kupita chini ya waya, vimipira vya waya vya akiba, kioo na kikata kucha. Mara nyingi kinachosumbua ni ncha ya waya inayochoma shavu. Usianze na kukata. Isukume taratibu kwa kifutio cha penseli safi hadi ilale kwenye jino. Ikigoma, kausha sehemu hiyo kwa tishu, finyanga nta ya ukubwa wa punje ya mbaazi, bandika. Nta hutoka kwa sababu watu huibandika kwenye mate. Kukata ni pale mko mbali na huduma na maumivu hayavumiliki: shikilia ncha kwa tishu, asije akaimeza. Kidonda asukutue kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi ya maji ya uvuguvugu.

Kashata, bisi na miwa ziacheni nyumbani. Mahindi ya kuchoma ayapukuchue kwanza, tena yawe laini.

Anaendesha baiskeli porini. Avae kinga ya meno ya kuchemsha?

Hapana. Ile ya kulainisha kwa maji ya moto kisha kuing'ata hujifinyanga kwenye meno na vibati, na meno yakisogea haimkai tena. Aombe ya silikoni iliyotengenezwa kwa wenye waya. Jino la ukubwani likingʼoka lote, lishike sehemu nyeupe, usiguse mzizi wala kuusugua; lisuuze kwa sekunde chache, lirudishe shimoni au litie kwenye maziwa, na muwe kwa daktari ndani ya saa moja. La utoto halirudishwi.

Ritena, kile kifaa cha kuvaa waya zikishatolewa ili meno yabaki mahali pake, imepinda baada ya safari.

Imeachwa kwenye gari juani, au imeoshwa kwa maji ya moto. Usiinyooshe mwenyewe, mpigie daktari mapema upate nyingine, kwani meno huanza kurudi yalikotoka.