Peni moja ya London: dhahabu ya Elizabeth wa Kwanza alikula nani?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Binti yangu anasoma historia, kitabu kinasema enzi ya Malkia Elizabeth wa Kwanza, 1558 hadi 1603, ilikuwa zama za dhahabu za Uingereza. Kaniuliza, baba hiyo dhahabu alikula nani? Nikakosa jibu, nisaidieni. Msomaji, Tanga.

JIBU: Shikamoo mzee. Mwambie binti swali lake ni zuri kuliko hicho kitabu, na mi namjibu kwa kitu kimoja tu, peni moja, maana ukiifuata hela ndogo ya mtu wa kawaida ndo unajua aliishije. Fundi wa London miaka hiyo alikuwa anapata kama peni 12 kwa siku, kibarua chini ya hapo. Sasa kulikuwa na mkate wa peni moja, na sheria ilikuwa hivi, ngano ikipanda bei mkate unabaki peni moja ileile ila uzito ndo unapunguzwa, yaani unaenda kwa mwokaji na hela yako ya jana unarudi na mkate mdogo kuliko wa jana na watoto ni walewale. Kuanzia 1594 hadi 1597 mavuno yakaharibika mfululizo, mvua tupu, na mkate ukazidi kusinyaa mkononi. Hiyo ndo njaa ya katikati ya zama za dhahabu na kwa kweli inauma kuona vitabu vingi vinaipita haraka vikimbilie ushindi wa 1588 dhidi ya meli za Hispania.

Tena mavazi nayo yalipangiwa sheria. Ya 1571 ilitaka watu wa kawaida wa kuanzia miaka 6 wavae kofia ya sufu ya Kiingereza kila Jumapili na sikukuu ili biashara ya sufu isife, usipovaa faini peni 40 kwa siku. Piga hesabu ya mikate hapo mzee.

Ila peni hiyohiyo ilinunua kitu ambacho mi naona ndo dhahabu yenyewe. Septemba 1599 kijana mmoja wa Uswisi, Thomas Platter, alivuka Mto Thames saa nane mchana akaingia kwenye jumba la maigizo lenye paa la nyasi, akaangalia mchezo wa Julius Caesar, huohuo wa Shakespeare ambao Mwalimu Nyerere alikuja kuutafsiri kwa Kiswahili. Akaandika bei zote: kusimama uwanjani peni moja, ukitaka kukaa ongeza peni, ukitaka mto wa kukalia na uonekane vizuri ongeza tena. Wachuuzi wanapita na vyakula na vinywaji katikati ya watu, juu kweupe, mvua ikinyesha wa peni moja unalowa. Lakini umesimama hapo na vumbi lako la kazi, jukwaa liko kifuani kwako, unasikia maneno yaleyale anayoyasikia tajiri aliyekalia mto wake. Hiyo aliipata hata kibarua, mwambie binti, ila tauni ikija majumba yanafungwa, 1592 hadi 1594 yalifungwa karibu muda wote.

SWALI: Mi ni mwanafunzi wa sanaa Mombasa, naigiza. Enzi hizo mimi kama dada ningepata nafasi jukwaani?

JIBU: Hapana dada yangu, kwenye majumba hayo ya kulipia usingepata. Nafasi zote za kike zilichezwa na wavulana ambao sauti haijavunjika, wanavalishwa gauni na kupakwa poda, hata Juliet alikuwa mvulana. Aliyekalia kiti cha enzi ni mwanamke na bado jukwaani hakuna mwanamke, mi kila nikifikiria hilo linanisumbua. Wanawake walianza kupanda majukwaa hayo ya London kama kazi 1660, miaka 57 baada ya malkia kufa.