Kiti mwendo hotelini Paje: pima mlango wa bafu, kisha tazama mwezi

SWALI: Mume wangu aliumia uti wa mgongo usawa wa kitovu; hatembei na hahisi miguu, ila mikono yake ina nguvu. Tunatoka Morogoro kwenda kukaa siku nne kwenye hoteli ya ufukweni, Paje, Unguja. Kiti mwendo chake kina upana wa sentimita 66. Hotelini wamenijibu, "Chumba cha chini kipo, hakuna shida." Je, jibu hilo linatosha? Na baharini atafikaje?

JIBU: Halitoshi, dada. Chumba cha chini maana yake hapandi ghorofani, basi. Mlango wa bafu hujaambiwa, na hapo ndipo wengi hukwama. Mwombe mtu wa mapokezi apime kwa tepu ya fundi na akutumie picha tepu ikiwa bado imenyooshwa mlangoni. Picha isiyo na kipimo haikusaidii.

Mlango upimwe ukiwa wazi, kutoka kwenye ubao wa mlango hadi fremu ya upande wa pili. Mlango unaoitwa wa sentimita 80 hubaki na 75 hivi, kwa sababu unene wa ubao na fremu hula nafasi. Kiti cha 66 kinataka 76 ili vidole vyake visichubuke anapozungusha magurudumu. Penye 70 atapita akisukumwa, mikono ikiwa mapajani. Pakiwa chini ya hapo, fundi wa hoteli aung'oe mlango kwenye bawaba na kutundika pazia. Mtapata sentimita 4 hivi zaidi. Liombeni jambo hilo siku kadhaa kabla, maana mkilianzisha mkifika saa tatu usiku, fundi keshakwenda kwake.

Kizingiti kinachozidi sentimita 2 huyazuia magurudumu madogo ya mbele. Kwa ngazi ya barazani, kila sentimita 1 ya kimo inataka sentimita 12 za mteremko: ngazi ya 15 inahitaji ubao wa mita 1.8. Akiwa na msukumaji mwenye nguvu, mita 1.2 itafaa kwa kupanda, lakini kushuka ashuke kinyumenyume.

Bafuni hoteli nyingi zitakupa kiti cha plastiki. Juu ya vigae vyenye sabuni miguu ya kiti hicho hutanuka na kupasuka, na mtu asiyehisi miguu hajui kama anateleza. Bebeni kiti cha kuogea chenye miguu ya mpira. Asijivute kwa kishikio cha taulo wala kwa sinki. Vimefungwa kwa skrubu fupi, havibebi uzito wa mtu. Maji ya hita myajaribu kwanza kwa kiwiko, kwani yanaweza kumbabua miguu bila yeye kujua.

Kitanda nacho kipimwe mpaka juu ya godoro. Kiti mwendo cha kawaida kina kimo cha sentimita 50 hivi mpaka pa kukalia, na vitanda vya Unguja vya mbao nene, pamoja na godoro lake, mara nyingi huvuka 65. Kuhama kutoka juu kwenda chini ni rahisi. Kupanda sentimita 15 kwa mikono kila usiku kunachosha mabega na kuchuna ngozi ya makalio. Omba godoro jembamba zaidi, na nafasi ya sentimita 90 kando ya kitanda.

Sasa bahari. Paje maji yakipwa huenda mbali sana. Siku za bamvu, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa karibu saa kumi alasiri na kupwa karibu saa nne asubuhi, na tofauti ya kina hupita mita 3. Mwezi ukiwa nusu, maji ni mafu: tofauti hushuka hadi mita 1 hivi, mkondo ni mdogo, na kujaa huangukia karibu saa nne asubuhi, jua likiwa bado halijawa kali. Kama tarehe hamjazifunga, chagueni siku hizo.

Mchanga mkavu wa juu ndio adui. Ule uliolowa huwa mgumu. Magurudumu ya mbele yakianza kuzama, acheni kusukuma, kigeuzeni kiti, kiinamisheni nyuma na mkivute kinyumenyume. Kama ukanda mkavu ni mpana, nunueni shiti moja ya plaiwudi ya milimita 12, ikatwe vipande viwili vya sentimita 122 kwa 122. Kiti kikiwa juu ya kimoja, kingine kiwekwe mbele yake. Mwendo ni wa taratibu lakini wa uhakika.

Kiti chake kisiingie majini. Watu wawili wambebe, avae viatu vya mpira kwa sababu ya matumbawe, na jaketi la kuokolea linaloinua kichwa: miguu isiyo na nguvu huelea na kuweza kumpindua kifudifudi. Akitoka, abadilishe nguo mara moja. Ngozi iliyolowa juu ya mto wa kukalia huanza vidonda haraka, na chembe za mchanga hukwaruza.

Jioni kiti kioshwe kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ila yaonjeni kwanza, kwani bomba za upande ule mara nyingi hutoa maji ya chumvichumvi. Suuzeni mwisho kwa lita 5 za maji ya dukani. Kikaushwe kwa kitambaa, kisha tone la oili kwenye mhimili wa kila gurudumu dogo. Msipige maji ya kasi kwenye beringi, yataingiza mchanga ndani.