Rangi ya kucha kubanduka siku ya pili: usilaumu chupa

Mdogo wangu, umesema ukijipaka nyumbani rangi inaanza kubanduka siku ya pili, ila ukipakwa saluni inafika wiki, na rangi yenyewe ni ileile mliyonunua duka moja. Ukauliza kama ununue ya bei kubwa, na ufanyeje mkono wa kulia maana wa kushoto hauna utulivu. Hela yako itunze. Nimefanya kazi ya kucha saluni hapa Tanga kabla sijaolewa, na mpaka leo ikikaribia Idi au harusi baraza langu linajaa wadogo zangu na majirani. Wanaolalamika kama wewe shida yao karibu kila mara ni moja: ukucha ulikuwa na maji au mafuta wakati rangi inapanda.

Tuanze na maji. Mtu anatoka kufua au kuoga, kucha zimelainika, anaona hapo ndipo pa kupaka. Ukucha unanyonya maji, ukinyonya unatanuka kidogo. Ukija kukauka unarudi umbo lake, na rangi iliyoshikana juu yake haiwezi kurudi nao, basi inaachia. Utajua kwa kuangalia inavyotoka. Ikibanduka ganda kubwa, pengine lenye umbo la ukucha mzima, haikushika tangu mwanzo. Ikimeguka vipande vidogo kwenye ncha tu, hizo ni kazi za mikono, na dawa yake nitakwambia chini. Utaniuliza mbona saluni wanaloweka. Wanaloweka zaidi miguu, halafu kuna kusugua visigino, kuna foleni, kuna umbea. Mpaka mpakaji ashike brashi, ukucha umeshakauka zamani.

Mafuta ndiyo adui mkubwa zaidi kwa sababu hayaonekani. Umejipaka losheni asubuhi, umesuka nywele za mtoto kwa mafuta ya nazi, umekaanga maandazi, kisha unasema mikono yangu misafi, nimenawa. Sabuni haitoshi. Chukua asetoni ileile ya kutolea rangi, lowesha kitambaa, pangusa kila ukucha hata kama hauna rangi ya zamani, pitia na pembeni kule kwenye mifereji. Ukiangalia kwenye mwanga ukucha utaonekana mkavu, hauna mng'ao kabisa. Huo ndio unaoshika rangi. Asetoni ikikosekana, spiriti ya duka la dawa inafaa. Pamba mimi siipendi hapa, inaacha nyuzi ambazo utaziona zimelala ndani ya rangi. Kipande cha kanga kuukuu ni bora. Ukishapangusa usijishike usoni wala kwenye nywele, anza kupaka.

Kupiga tupa kufanyike kabla ya hapo, ukucha ukiwa mkavu, na tupa iende upande mmoja, kutoka pembeni kuja katikati. Ukikereza mbele nyuma kama unakata mbao, ncha inachanika tabaka tabaka, na rangi itaanza kumeguka palepale. Uso wa ukucha usiukwangue ili ung'ae. Kucha za mkono hukua kama milimita 3 tu kwa mwezi, kwa hiyo ukiukondesha wote utasubiri karibu miezi 6 upate mpya. Na ile ngozi nyembamba iliyoko kwenye shina, tafadhali usiikate. Ipo pale kuziba njia. Ukiikata unafungua mlango, kidole kinavimba na kutunga usaha, na hapo habari ya rangi imekwisha. Isukume taratibu na kijiti baada ya kuoga, uachane nayo, rangi upake baadaye.

Sasa kupaka. Chupa usiitikise, inaingiza hewa na utapata vipovu. Ibiringishe katikati ya viganja. Tanguliza ile isiyo na rangi ya kushikia, hasa kama unapenda nyekundu iliyoiva, maana nyekundu ikikaa moja kwa moja inaacha ukucha umejaa unjano. Ukitoa brashi, upande mmoja ufute wote kwenye mdomo wa chupa, ule mwingine ubaki na tone dogo. Tone hilo liweke katikati ya ukucha, si kwenye shina. Lisukume polepole kurudi nyuma mpaka libakize nafasi nyembamba kama uzi kabla ya ngozi, kisha vuta moja kwa moja mpaka ncha. Halafu kushoto, halafu kulia. Mikupuo mitatu, basi. Unaporudiarudia ndipo unapochimba mistari. Ukimaliza, pitisha brashi kwenye ukingo wenyewe wa ncha, pale unapogonga meza. Hiyo ndiyo dawa ya kumeguka niliyokuahidi, na ndiyo ambayo wengi nyumbani wanairuka.

Rangi inayogusa ngozi ifute mbichi, maana ngozi ikijikunja inavuta rangi na kuinyanyua. Kijiti cha meno kilichochovywa asetoni kinatosha.

Mkono wa kulia uanze nao, uvumilivu ukiwa bado upo. Mikono yote miwili ilale mezani mpaka kiwiko, kidole kidogo cha kushoto ukiegemeze kwenye mkono unaopakwa. Halafu brashi iwe kama imesimama, unachozungusha ni kidole kinachopakwa. Utaona tofauti siku hiyohiyo.

Tabaka mbili nyembamba za rangi zinashinda moja nzito. Rangi hii inakauka kwa maji yake ya dawa kuruka hewani, ndiyo harufu ile unayoisikia. Ukipaka nzito, juu inafunga ngozi na chini inabaki mbichi. Subiri dakika kadhaa kati ya tabaka na tabaka, malizia na ile isiyo na rangi juu. Feni iache, inaleta vumbi na vipovu. Maji ya barafu yanafanya juu pagande, ndani bado. Ukigusa na kuona pamekauka usidanganyike, kukomaa kabisa kunachukua saa nyingi. Ndiyo maana anayepaka saa tatu usiku akalala saa nne anaamka na ramani ya shuka kidoleni. Paka baada ya chakula cha mchana, vyombo vikiwa vimeshaoshwa. Na kama umechagua rangi ya maziwa au pinki ya mbali, siku hizo za mwanzo manjano yapikwe na mwingine. Yanaingia kwenye rangi na hayatoki.

Kwa tunaoswali, maji ya udhu lazima yafike kwenye ukucha, kwa hiyo wengi wetu tunapaka siku zile za mwezi na kutoa kabla ya kuoga josho. Siku nyingine kuna hina, haizuii maji. Ila ile piko inayochanganywa na dawa nyeusi ya nywele siwezi kukushauri. Nimeona mikono ya bibi harusi imetoka malengelenge wiki ya shughuli, na wapo waliobaki na makovu.

Chupa ikianza kuwa nzito, usiongeze asetoni, inaharibu rangi. Tafuta dawa yake ya kuyeyushia, weka matone mawili matatu. Futa mdomo wa chupa kila unapofunga, la sivyo kifuniko hakikazi na rangi inakauka humohumo. Fungua dirisha unapopaka. Na usikae karibu na jiko, la gesi au la mkaa, maana rangi na asetoni vyote vinashika moto upesi mno.