Unayeanza kufuga Longido, hesabu nyasi mwezi Mei

Ukishanunua ng'ombe Longido, wilaya kame ya Arusha mpakani na Kenya, kila mtu atakuuliza una vichwa vingapi. Swali lenye faida ni jingine: nyasi zako zitakufikisha mwezi gani?

Masika yakiisha Mei, malisho unayoyaona ndiyo hayo hayo hadi vuli ya Novemba, kama vuli itakubali. Ng'ombe wa kilo 250 hula takriban kilo 6 za majani makavu kwa siku. Kuanzia Juni hadi Oktoba ni siku 150 hivi, yaani kilo 900 kwa kichwa. Ng'ombe 20 watakula tani 18, na nusu ya nyasi inapaswa kubaki ardhini, maana mashina hayo ndiyo yanayotuliza maji ya mvua yaingie udongoni na ndiyo yatakayochipua. Basi utafute eneo lenye tani 36. Huna? Punguza mifugo Juni.

Juni, wala si Septemba. Juni ng'ombe amenona, na wanunuzi wanaovusha mifugo Namanga kwenda Kenya wanamgombania. Septemba mbavu zinahesabika, kila boma linauza, na dalali akitaja bei unaitikia tu. Ukame wa 2009 ulifyeka mifugo Longido, Monduli na ng'ambo Kajiado. Ng'ombe aliyefia malishoni hana mnada. Toa kwanza maksai, wazee, na majike ambao Machi hawakuzaa.

Ndama wazaliwe Machi, nyasi zinapochipua. Mimba ni miezi tisa, kwa hiyo dume mtenge, umrudishe kundini Juni. Kwa majike wa zebu, yaani ng'ombe wa kienyeji wenye nundu, dume wa Boran, aina ya nyama inayostahimili ukame, anatosha. Friesian, ng'ombe wa maziwa anayehitaji malisho mengi, mwachie mwenye migomba kule Meru.

Utakuta pia alalili, malisho ya karibu na maboma yanayofungwa wakati wa mvua ili ndama, wagonjwa na wanaonyonyesha wale kiangazi. Humo usiingize ng'ombe bila ruhusa ya wazee. Utatozwa, na utakuwa umestahili.

Fedha ya Juni usiirudishe yote kwenye ng'ombe, hata ukionyeshwa mtamba wa kutamanisha. Nunua mashudu ya alizeti na chumvi ya madini mapema, kabla wenzako wote hawajaanza kuvitafuta.