Kwa nini mgeni anashtuka ukimuuliza "You are coming from where?"

Mkuu, umesema uko mapokezi kwenye hoteli pale Capri Point, Mwanza, maneno ya Kiingereza unayo ya kutosha, ila ukiuliza "You are coming from where?" mgeni anakuangalia kama umemfokea. Mimi nahudumia wageni wa boti za kwenda kisiwa cha Saanane, naona hilo kila siku.

Hajakasirika. Mpangilio huo upo kwenye Kiingereza, ila wanautumia mtu akishangaa au asipoamini alichosikia: "Eti unatoka wapi?!" Ndicho anachosikia yeye.

Kiswahili swali la ndiyo au hapana tunalipandisha kwa sauti tu. "Umelipa" na "Umelipa?" ni maneno yaleyale. Kiingereza kinataka maneno yahame: neno la kuulizia, kama lipo, linatangulia, kisha kitenzi kisaidizi (kama "are", "can", "have") kinamruka mtenda. "You are staying" inageuka "Where are you staying?" Vivyo hivyo "Can you swim?" na "Have you paid?" Hapo hapana shida. (Ukitaka kujua kwao ni wapi, sema "Where are you from?" yatosha.)

Kazi ipo pale sentensi inapokosa kisaidizi. "You want a boat": hakuna cha kurusha mbele, kwa hiyo unaleta "do". Kwa "he", "she" na "it" ni "does", kwa wakati uliopita ni "did". Ukishaleta hicho, kitenzi kikuu kinabaki kitupu. Vijana wa hapa gatini utawasikia, "Did you saw the impala?" Wakati uliopita umeshabebwa na "did", haubebwi mara mbili. Ni "Did you see". Na "Does she wants" ni ugonjwa huohuo. Sema "Does she want".

Ila kama unauliza mtenda ni nani, "do" haiingii. "Who called you?" ni nani alikupigia. "Who did you call?" ni ulimpigia nani. Ukivichanganya hivi viwili unapata jibu la swali ambalo hukuuliza.

Sasa adabu. Mgeni wa hoteli huwezi kumrushia maswali makavu, utaanza na "Could you tell me". Ukishaanza hivyo, kugeuza kumeshafanyika mwanzoni, huku nyuma maneno yanarudi kwenye mstari wa kawaida. "Could you tell me when you are leaving?" na si "when are you leaving". Naye akikuuliza feri ya Kamanga, atasema "Do you know what time the ferry leaves?" Hakuna "does" hapo. Hata waliosoma sana wanateleza kwenye hili, na walimu wengi wanalipita juu juu.

La mwisho linagusa pesa, na wewe uko kaunta. Sisi ukiulizwa "Hujalipa?" unajibu "Ndiyo, sijalipa", yaani unamkubalia aliyeuliza. Mwingereza haangalii swali, anaangalia ukweli: kama hajalipa ni "No", kama amelipa ni "Yes". Kwa hiyo ukimuuliza "Haven't you paid?" akakujibu "No" kavu, bado unamdai, usimpe risiti. Mimi nimeacha kabisa maswali ya kukanusha kwenye malipo. Nauliza "Have you paid?"